Ngoja ngoja ya matibabu ndiyo inayoua fidia ya mfanyakazi wa Pwani

Tunapozungumza juu ya fidia ya mfanyakazi aliyeumia kazini, mazungumzo yetu huanzia mwisho. Tunauliza: amelipwa ngapi? Wakili amechukua kiasi gani? Kesi imefika wapi? Mimi, baada ya miaka ya kuwaandikia watu barua na kuwasindikiza katika ofisi za serikali hapa Mombasa na Kilifi, naamini kwamba maswali hayo huulizwa wakati mambo yashaharibika. Madai mengi hayafi mahakamani. Hufa katika saa na siku za mwanzo, pale mtu aliyeumia anapoambiwa angoje.

Ngoja supavaiza arudi. Ngoja ofisi ifunguliwe Jumatatu. Ngoja ajenti alete barua. Ngoja watu wa bima wathibitishe. Wazee walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa mfanyakazi wetu huumiza mfupa na jicho, na mwishowe mfuko wa familia nzima.

Pwani yetu inaishi kwa kazi za mikono. Kuna makuli na madereva wa forklifti katika magodauni ya Shimanzi na Changamwe, kuna wanaofunga na kufungua makontena, kuna vijana na mabinti wa viwanda vya Jomvu, Miritini na Mazeras. Kilifi kuna machimbo ya mawe na viwanda vya simiti. Gongoni na Marereni kuna mashamba ya chumvi. Kwale kuna miwa. Kila mahali kuna mijengo, na kila mjengo una vibarua wa kutwa. Wengi wa hawa hawana barua ya ajira. Wanajulikana kwa jina moja na nambari ya simu. Mtu wa namna hii akiumia, jambo la kwanza linaloulizwa, kabla hata ya kuuliza ameumia wapi, ni yeye ni wa nani.

Sheria inasema nini

Tuna sheria, na si mbaya. Ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake za Kiingereza, WIBA. Ilianza kutumika Juni 2008, ikachukua nafasi ya sheria ya zamani ya fidia, Sura ya 236. Msingi wake ni kwamba mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini, kwa sababu ya kazi yake, ana haki ya kufidiwa bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba mwajiri alikuwa mzembe. Imeondoa mvutano wa nani mkosa, isipokuwa pale mfanyakazi alipojiumiza kwa utovu wa nidhamu wa makusudi.

Sheria hii haikupata mwanzo mzuri. Chama cha Mawakili kilienda Mahakama Kuu, na mwaka 2009 baadhi ya vifungu vyake vikatangazwa kuwa vinakiuka katiba. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikabatilisha sehemu kubwa ya uamuzi huo. Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaunga mkono Mahakama ya Rufaa. Tangu hapo njia ni moja: aliyeumia kazini haendi kwanza mahakamani kudai fidia. Anakwenda kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ambaye ana maafisa wake mashinani. Mahakama ya Ajira na Leba inakuja baadaye, kwa njia ya rufaa. Kesi zilizokuwa zimekwama katikati zikawa mzigo mwingine, hadi Jaji Mkuu akatoa mwongozo mwaka 2023 kuhusu zipi ziendelee zilikofunguliwa.

Ninaeleza historia hii kwa sababu moja. Kwa miaka kumi watu wetu walizoea kwamba ukiumia unatafuta wakili, naye anafungua kesi ya uzembe, na muda wa kufungua ni miaka mitatu. Mazoea hayo bado yapo vichwani. Leo madai ya WIBA yanatakiwa yafikishwe katika muda wa miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo ikiwa mtu amefariki. Anayekaa nyumbani akisema "nina miaka mitatu" anaweza kuamka akute mlango umefungwa.

Sasa hebu tuangalie saa za sheria hii, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mfanyakazi anatakiwa amjulishe mwajiri kwamba ameumia, kwa mdomo au kwa maandishi. Mwajiri akishajua, ana siku 7 za kumpelekea Mkurugenzi ripoti. Madai yakishapelekwa kwa mwajiri au kampuni ya bima, yanatakiwa yalipwe ndani ya siku 90. Mkurugenzi akipokea pesa, ana siku 30 za kumfikishia mwenyewe. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kuweka pingamizi, Mkurugenzi ana siku 14 za kujibu, na mwenye kutaka rufaa ana siku 30 za kwenda mahakamani.

Kila karatasi imepewa siku zake. Lakini matibabu je? Sheria inamtaka mwajiri awe na vifaa vya huduma ya kwanza. Inamtaka atoe usafiri wa kumpeleka majeruhi hospitalini. Inamtaka agharamie matibabu, upasuaji, uuguzi, dawa, nauli ya kwenda na kurudi, hata magongo na viungo vya bandia. Yote hayo yameandikwa. Kisichoandikwa ni muda. Hakuna pahali panaposema ndani ya saa ngapi au siku ngapi majeruhi awe ameonwa na daktari, amepigwa picha ya mfupa, au amefanyiwa upasuaji aliouagiza daktari.

Tena lugha yenyewe ni ya kurudisha gharama ambazo mfanyakazi ameshazitumia. Mwenye akiba atalipa leo na kudai kesho. Lakini kibarua anayelipwa jioni na kununua unga jioni hiyo hiyo atatumia nini ili arudishiwe? Kwa mtu kama huyo, haki ya kurudishiwa gharama ni sawa na kumwonyesha mwenye kiu kisima kisicho na ndoo.

Mwili haungoji barua

Watu wa ofisini huona kuchelewa kwa wiki mbili ni jambo la kawaida. Katika ofisi huenda ni hivyo. Katika mwili sivyo. Kazi za hapa kwetu zina majeraha yake, na kila moja lina saa zake.

Chokaa au simiti mbichi ikiingia jichoni huendelea kuliunguza. Kinachookoa jicho ni maji mengi safi papo hapo, dakika ile ile, kisha daktari wa macho siku ile ile. Mtu akimaliza zamu kwanza, huenda keshapoteza nuru. Mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi unahitaji dawa ya kuzuia viini na kusafishwa mapema. Uchafu ukiingia ndani ya mfupa, ugonjwa wake huchukua miezi, wakati mwingine miaka. Mguu uliobanwa na mzigo mzito unaweza kuvimba kwa ndani hadi damu ikashindwa kupita, na nyama isiyopata damu huanza kufa katika muda wa saa chache. Mfupa uliokatika bila kutoboa unaweza kungoja kidogo, lakini ukiachwa wiki kadhaa bila kunyooshwa huanza kujiunga ulivyokaa, umepinda. Baada ya hapo kuunyoosha ni kuuvunja upya.

Kwa hivyo jeraha la siku ya kwanza na jeraha la siku ya ishirini si kitu kimoja, hata kama ni mguu ule ule wa mtu yule yule. Ugomvi unaanzia hapo. Mwajiri anasema: mimi nitalipia lililotokea kazini, si hili lililotokea nyumbani kwako. Mfanyakazi anasema: hili la nyumbani ni mtoto wa lile la kazini, na wewe ndiye uliyenikalisha nyumbani.

Kisa kimoja nilichokifuatilia

Niliwahi kumsaidia kijana mmoja wa Mikindani aliyekuwa akipakia mizigo kwenye godauni ambalo sitalitaja. Robota lilimporomokea likampiga mguu chini ya goti. Ilikuwa Jumamosi mchana. Msimamizi wake, mtu mwema kwa kiwango chake, alimtumia shilingi 500 kwa simu za kununulia dawa ya maumivu, akamwambia apumzike, Jumatatu watazungumza.

Jumatatu ofisi ikamwambia yeye si mfanyakazi wao, ni wa ajenti. Ajenti akasema yeye huleta watu tu, mambo ya kuumia ni ya mwenye godauni. Alipozidi kulia, akaambiwa aende na kadi ya SHA. Michango yake haikuwa imekamilika. Mama yake, aliyekuwa akimtazama mwanawe akikesha kwa maumivu, akampeleka kwa fundi wa mifupa mtaani, akafungwa vijiti na kukandwa. Picha ya mfupa ilipigwa siku ya 19, kwa pesa za mchango wa jamaa na majirani. Mfupa ulikuwa umeanza kujiunga vibaya. Akafanyiwa upasuaji, akatiwa chuma.

Madai yalipofika kwa watu wa bima, jibu lao lilikuwa na mambo matatu. Hakuna ripoti ya ajali iliyoandikwa wakati ule. Daktari wa kwanza alimwona majeruhi baada ya karibu wiki tatu, kwa hivyo haijulikani aliumia wapi. Na tena alikwenda kwa fundi wa mtaani, basi ubaya wa mguu ni wa kujitakia.

Msomaji, tazama mpango huo. Kutopelekwa hospitali kumegeuka kuwa ushahidi dhidi ya yule asiyepelekwa. Kutoandika ripoti, ambayo ni kazi ya mwajiri, kumegeuka kuwa pengo katika madai ya mfanyakazi. Na mama aliyehangaika kumtafutia mwanawe nafuu amegeuzwa kuwa chanzo cha ulemavu.

Kilichookoa mambo kilikuwa kitu kidogo. Ujumbe wa ile shilingi 500 ulikuwa bado kwenye simu, wenye tarehe, saa na jina la aliyetuma. Jina la kijana lilikuwa kwenye daftari la zamu la siku ile. Wenziwe wawili wa gengi wakakubali kusema waliyoyaona. Afisa wa leba akaridhika kwamba ajali ilikuwa ya kazini, daktari akakadiria ulemavu, hesabu ikapigwa. Siku 90 za kulipa zilipita bila ya pesa kuonekana. Nilipoacha kufuatilia alikuwa ameanza safari ya mahakamani kuomba ule uamuzi utekelezwe kwa nguvu. Mguu bado unachechemea.

Njia nne za kuchelewesha

Nimeona visa vya kutosha kuweza kusema kwamba ucheleweshaji una njia zake zinazojirudia.

Ya kwanza ni kusukumana kati ya ajenti na kampuni. Sheria ya Ajira ya 2007 inatambua mkataba wa mdomo sawa na wa maandishi, na inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja anastahili kuchukuliwa kama mwajiriwa wa kudumu zaidi. WIBA nayo inamtambua yeyote aliyeajiriwa kwa ujira, hata mwanagenzi. Kwa hivyo kukosa barua si kukosa haki. Lakini wakati wakubwa wawili wanapobishana mtu ni wa nani, siku zinakwenda.

Ya pili ni kadi. Tangu Oktoba 2024 SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, nimesikia mara nyingi mtu aliyeumia kazini akiambiwa atumie bima yake ya jamii. Asilimia 2.75 inayokatwa kwenye mshahara ni ya mfanyakazi kwa maradhi yake na ya wanawe. Jeraha la kazini ni gharama ya mwajiri kwa mujibu wa sheria. Anayempeleka majeruhi wake kwa SHA anamlipisha mfanyakazi, na sisi sote tunaochanga, deni ambalo si letu. Tena hospitali ikiandika kwamba huyu ni mgonjwa wa kawaida, lile neno "kazini" linakosekana kwenye karatasi, na baadaye litatafutwa kwa tochi.

Ya tatu ni zahanati ya kampuni. Kuna waajiri wenye muuguzi wao au zahanati waliyopatana nayo. Si vibaya, mara nyingine ni msaada mkubwa. Ubaya unakuja pale zahanati hiyo inapokuwa mlango wa kuzuia. Mtu anapewa dawa ya maumivu mara tatu, mara nne, lakini barua ya kumpeleka hospitali kubwa haitoki kwa sababu barua hiyo ina gharama.

Ya nne ni kungoja apone. Daktari hawezi kukadiria ulemavu wa kudumu hadi jeraha litulie, na hilo ni sawa kitaalamu. Lakini wapo wanaolitumia kumwambia mfanyakazi asipeleke madai yoyote hadi apone kabisa. Asiyepata matibabu hawezi kupona upesi. Miezi 12 inahesabika huku yeye akingoja kupona jeraha ambalo hakuna anayelitibu. Kumjulisha mwajiri na kumfikia afisa wa leba hakungoji kupona. Na wakati anapouguza, ikiwa ameshindwa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, sheria inampa malipo ya muda yanayolingana na mapato yake, kwa kipindi kisichozidi miezi 12. Haki hii haijulikani, na kwa hivyo haidaiwi.

Hesabu na nani anayebeba hasara

Fidia ya ulemavu wa kudumu hupigwa kwa mapato ya miezi 96, yaani miaka minane, kisha hutolewa asilimia ya ulemavu. Tuchukue mtu wa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mara 96 ni 1,920,000. Daktari akiandika ulemavu wa asilimia 10, anastahili 192,000. Akiandika asilimia 30, ni 576,000.

Ukilitazama hivi, utasema mwajiri anayechelewesha matibabu anajiumiza mwenyewe, kwa maana mguu uliotibiwa mapema ungekuwa na asilimia ndogo. Ingekuwa hivyo kama anayechelewesha na anayelipa wangekuwa mtu mmoja. Sheria inamtaka mwajiri awe na bima. Anayeamua Jumamosi mchana kama gari litoke au lisitoke ni msimamizi. Anayelipa fidia mwaka wa pili ni kampuni ya bima, kama italipa. Gharama ya hospitali ni ya leo na inauma leo. Gharama ya ulemavu ni ya mwakani, na huenda isije kabisa kwa sababu mdai atachoka. Kwa mfumo kama huo, kuchelewesha ni uamuzi wa rahisi kwa kila mmoja isipokuwa mwenye mguu.

Na zile 384,000 zinazotenganisha asilimia 10 na asilimia 30 si faida kwa mfanyakazi. Ni bei ya uwezo alioupoteza bila sababu. Kuli asiyeweza kubeba, fundi asiyeweza kupanda ngazi, atakula pesa hizo kwa muda gani?

Waajiri nao wana neno

Nitakuwa si mwadilifu nikiandika kana kwamba kila mwajiri ni dhalimu. Nimezungumza na wenye karakana na wakandarasi wadogo, na malalamiko yao yana uzito. Wapo watu wanaoumia kwenye mpira Jumapili na kuripoti Jumatatu. Wapo madalali wanaozunguka mahospitalini wakiwafundisha majeruhi cha kusema. Wapo waajiri waliolipa bima kwa uaminifu kila mwaka, na siku ya haja kampuni ya bima ikawazungusha wao na mfanyakazi wao pamoja. Mwenye karakana ya watu wanne hana laki mbili za kuweka hospitalini usiku.

Lakini tiba ya malalamiko yote haya ni ile ile: matibabu ya haraka na rekodi ya haraka. Anayeumia kwenye mpira hugunduliwa kwa urahisi zaidi daktari akimwona siku hiyo hiyo kuliko baada ya wiki tatu. Mwajiri aliyempeleka mtu wake hospitali na kupeleka ripoti ndani ya siku 7 ana kinga nzuri kuliko aliyenyamaza. Haraka humlinda mkweli wa kila upande.

Mfano upo jirani, tena baharini. Mabaharia wetu wanaofanya kazi kwenye meli za kimataifa wanalindwa na Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014. Mkataba huo unampa baharia haki ya kumwona daktari bila kuchelewa meli inapofika bandarini, pale inapowezekana, na unamfanya mwenye meli abebe gharama za matibabu ya jeraha la kazini. Anaruhusiwa kuuwekea mzigo huo mpaka, lakini si chini ya wiki 16 tangu siku ya kuumia. Kwa hivyo kijana wa Likoni akiumia ndani ya meli iliyofunga gati, neno "bila kuchelewa" limeandikwa kwa ajili yake. Nduguye anayeumia kwenye godauni nje ya lango la bandari hana neno hilo.

Tufanye nini

Kwa mfanyakazi na familia yake, nasema haya kwa ufupi. Ukiumia, mjulishe msimamizi hapo hapo, kisha rudia kwa ujumbe wa simu hata kama mmeonana uso kwa uso, ili tarehe ibaki. Ukifika hospitali yoyote, iwe zahanati ya mtaa au Makadara, sema wazi kwamba umeumia kazini na uhakikishe imeandikwa hivyo. Usikubali kuandikiwa "ameanguka nyumbani" ili kumstahi mtu. Weka kila risiti, hata ya tuktuk, kwa sababu nauli nayo inadaiwa. Chukua majina na nambari za wenzako waliokuwepo. Usifute jumbe za simu. Ikipita wiki bila mwajiri kuripoti, nenda mwenyewe kwa afisa wa usalama na afya kazini, uulize fomu ya DOSH/WIBA 1. Na ikiwa ni dharura, kumbuka kifungu cha 43 cha Katiba: hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura. Ubishi wa nani alipe uje baadaye.

Kwa wabunge wetu wa Pwani, ombi langu ni la kifungu kimoja tu. Sheria ambayo imeweza kuweka siku 7, 14, 30, 60 na 90 kwa ajili ya karatasi inaweza kuweka saa 24 kwa ajili ya mwili. Mwajiri atoe barua ya dhamana kwa hospitali ndani ya saa hizo, bila ya kukubali kosa. Ikionekana baadaye kwamba jeraha halikuwa la kazini, arudishiwe. Na madhara yanayotokana na kuchelewa kwake yahesabiwe kuwa sehemu ya ajali, ili hoja ya "ulijitakia" isipate pa kusimama.

Kwa Wizara ya Leba, uamuzi wa Mkurugenzi usibaki karatasi ya kuning'iniza ukutani. Sheria haikueleza vizuri uamuzi usiolipwa utekelezwe vipi, na majaji hawajakuwa na kauli moja kila mara wanapoombwa kuugeuza kuwa hukumu. Jambo hilo lirekebishwe na Bunge, lisiachiwe bahati ya mahakama utakayoangukia. Maafisa nao waongezwe hapa kwetu. Mtu wa Marereni asipande magari mawili na kulala njiani kwa sababu ya fomu. Tume ya Haki za Binadamu ilipochunguza viwanda vya chumvi vya Magarini na kutoa ripoti mwaka 2006, hali ya wafanyakazi ilikuwa miongoni mwa mambo iliyoyaanika. Miaka imepita karibu ishirini.

Na kwetu sisi wenyewe, jamii. Tuna desturi nzuri ya kuchangiana, na ndiyo iliyompigia picha kijana wa Mikindani. Lakini mchango wetu usiwe wa kumlipia mwajiri deni lake kimyakimya. Tuchange, risiti tuziweke, na tumsindikize mgonjwa hadi ofisini kudai kirudi kilichotoka. Misikitini, makanisani na katika vyama vya mitaa wapo walimu, makarani wastaafu na vijana waliosoma sheria. Wawili watatu katika kila mtaa wanaoijua sheria hii wanatosha kumzuia mtu kukaa siku 19 na mguu uliovunjika akingoja jibu la mtu ambaye hana nia ya kujibu.